Mihina Iliyoitwa Busho

Baba yangu alinichapa mara moja tu maishani, na kosa langu lilikuwa kuchuma majani. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Mtaani kulikuwa na harusi, na wanawake waliokuwa wakimpamba bibi harusi waliishiwa na hina. Mimi nilijua hina ilipo. Nikapenya lango la nyuma la nyumba kubwa, nikatandika leso ya mama chini, nikachuma kwenye ule ua mfupi uliofuata njia mpaka leso ikajaa.

Baba alinikuta. Hakupiga kelele. Alinishika mkono, akanionyesha pengo nililolifanya.

"Unaliona hili?"

"Naliona, baba."

"Basi na mtu akisimama pale juu barazani ataliona."

Kisha akanichapa. Barazani wakati ule hapakuwa na mtu. Wareno walishaondoka, nyumba ilikuwa ya serikali na milango yake ilifungwa miezi na miezi. Nililia kwa maumivu, lakini hata kwa akili yangu ya kitoto nilishangaa: baba anamwogopa nani?

Alikuwa mtunza bustani, kama baba yake kabla yake. Mji wetu ni mdogo, upo pwani, juu ya Mocímboa kama mtu anaelekea Palma, na nyumba ile ndiyo kitu pekee kilichowahi kuleta wageni na kamera. Ni ya ghorofa moja, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na mbele inatazama bahari. Bustani ipo nyuma, mahali ambapo upepo wa chumvi haufiki. Ni mraba uliogawanywa mara nne na njia mbili zinazokatana, na pale zinapokatana kuna birika la duara lenye ngazi tatu. Kila robo ilikuwa na mti wake mmoja katikati: mlangilangi, mkomamanga, mdimu na mzambarau. Chini ya miti kulikuwa na waridi. Na kila robo ilizungushiwa ua wa kijani uliofika magotini, umenyolewa sawasawa kama kichwa cha mtoto. Maji ya mvua yalishuka kutoka kwenye paa, yakaingia kwenye tangi chini ya baraza, yakapita kwenye bomba la udongo mpaka birikani. Ukitazama kutoka ghorofani, yote ilionekana kama mkeka uliotandikwa. Nasema hivyo kwa kuwa baba aliniambia. Mimi ghorofani sikupanda mpaka nilipokuwa mtu mzima, nyumba ikiwa imeungua.

Habari za mwanzo wa bustani nilizipata kwa babu mwenyewe. Alikamatwa shambani kwake akiwa kijana, akapelekwa kwenye shibalo, ile kazi ya nguvu ya enzi ya Wareno. Kazi yao ilikuwa kubeba matumbawe kutoka ufukweni maji yakipwa, kwa kichwa, mchana kutwa. Jiwe la tumbawe likiwa bichi lina meno. Babu alikuwa na kovu utosini ambalo nywele hazikuota tena, na sisi wajukuu tulikuwa tukiligusa kwa zamu.

Aliyetaka bustani alikuwa mke wa mkubwa wa kampuni iliyotawala pwani hii wakati huo. Watu walimwita sinyora tu. Alikuja na karatasi aliyochorea bustani ya kwao, na kwao, babu alisema, ua hupandwa kwa mmea mfupi wenye majani madogo magumu unaoitwa busho. Basi busho ikaletwa kwa meli hadi bandari ya Mocímboa, ndani ya makasha, na kutoka pale ikabebwa na watu. Ikapandwa. Ikafa. Likaletwa kasha la pili, nalo likafa. Kila mara lawama ziliwashukia wamwagiliaji, na babu alikuwa mmoja wao. Waliitwa mmoja mmoja mbele ya baraza wakapigwa palmatoria, lile bao lenye matundu la kupigia viganja. Babu alisema viganja vilivimba hata hakuweza kushika bakuli la uji, mama yake akawa anamlisha.

Kasha la tatu lilipokauka, sinyora alikuwa mgonjwa na amepelekwa kisiwani Ibo kutibiwa. Babu akaenda kwenye uwanja wa mama yake, akakata matawi ya mhina, akayachomeka kwenye mistari ileile ya busho iliyokufa. Ilikuwa mwanzo wa mvua. Sinyora aliporudi baada ya miezi akakuta mistari ya kijani, imeshanyolewa. Aliinama, akalisugua jani kati ya vidole, akafurahi. Akawaambia wote waliosimama pale: "Mnaona? Mkiacha uvivu, busho inashika."

"Na wewe ulisema nini, babu?" nilimuuliza.

"Ningesema nini? Ningemsahihisha kwa viganja gani?"

Basi ikabaki busho. Sinyora aliandika barua kwao kwamba busho imeshika Afrika, akapiga na picha. Babu akafanywa mtunza bustani, na mji mzima ukajua ule ni mhina, na nyumba nzima ikaamini ni busho, mpaka siku walipopanda meli kuondoka.

Baba alirithi mkasi pamoja na kazi. Enzi za uhuru zilipokuja na njaa ya vita vya kwanza ikatubana, aliamriwa apande mihogo katika zile robo nne. Akapanda. Waridi zikang'olewa. Lakini ua hakuugusa. Mihogo ilisimama ndani ya ua ulionyolewa kama wageni waliofika harusini bila kualikwa, na askari walifua nguo zao birikani. Mambo yalipotulia akaanza upya, waridi moja moja. Kila Alhamisi alinyoa mihina, na majani yaliyoanguka akayatia kwenye gunia na kuliweka nje ya lango la nyuma. Wanawake walikuja kulichukua. Hina ya harusi zote za mji wetu ilitoka kwenye mabaki ya mkasi wake. Ilikuwa halali kuchukua kilichoanguka. Kilichosimama kilikuwa cha mtu wa barazani.

Nyumbani kwetu hapakuwa na hata ua moja la waridi. Paa la kuti lilivuja upande wa jikoni, na mama alikuwa akilalamika kila masika. Baba alijibu kwamba atalitazama Ijumaa, kisha Ijumaa akaenda kuzibua bomba la birika. Nimekuwa mwalimu, nimelea watoto watatu, nimeshika mambo mengi kichwani, lakini sikumbuki siku hata moja ambayo baba alituketisha mimi na mama kwenye yale mabenchi ya mawe. Tulipita kwenye njia zake tukiwa tumebeba maji. Hatukukaa.

Ndugu zetu wa Mocímboa walipoanza kupita na magodoro vichwani, wakikimbia vita vipya vya wenye bunduki, kila nyumba ilijua kwamba zamu yetu inakuja. Asubuhi ile tuliyoondoka moshi ulionekana upande wa barabara kuu. Nilikuwa nimefunga vyeti vyangu ndani ya mfuko wa plastiki, mama amejifunga leso mbili. Baba alikuwa ameshika ndoo.

"Twende," nilimwambia.

"Nendeni nyinyi. Mkifika salama nitumieni habari."

"Baba, watachinja watu."

"Mimi mzee wa nini kwao? Na hizi, nani atazimwagilia?"

Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti. Siku ile aliipaza. "Na mimi? Mimi nani ataniangalia njiani?"

Baba alimtazama mama muda mrefu. Niliona kabisa kwamba swali limemfika. Kisha akasema, "Una mwanao," akageuka, akaenda zake na ndoo yake.

Tulikwenda kwa miguu njia ya Pundanhar, siku nne, na mama hakulitaja jina la baba hata mara moja. Mguu wake wa kushoto ulivimba; sehemu nyingine nilimbeba mgongoni, mimi na mwalimu mwenzangu kwa kupokezana. Kutoka huko tukasogea kwa malori mpaka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, tukakaa kwenye uwanja wa binamu yangu pamoja na familia nyingine tatu. Habari za baba zilitufikia huko, kwa simu, kutoka kwa jirani yetu muuza mihogo ya kukaanga ambaye hakuwahi kukimbia. Amefariki. Kwa homa. Amezikwa.

Yaliyobaki alitusimulia tuliporudi, zaidi ya miaka miwili baadaye. Watu wapatao ishirini waliokwama mjini walijificha kwenye stoo za chini ya ile nyumba kubwa, kwa kuwa palikuwa na tangi. Ghorofani palichomwa, chini hapakufika moto. Baba ndiye aliyegawa maji. Kila mtu alipata kikombe asubuhi na kikombe jioni.

"Na kilichobaki," jirani alisema, akisita, "alikwenda kumwagilia ua."

"Watu wana kiu?" mama akauliza.

"Watu wana kiu. Tulimgombeza. Alisema anayomwaga ni fungu lake yeye, halinywi."

Sikujua, na mpaka leo sijui, kama ile ilikuwa habari ya kujivunia au ya kuonea haya. Homa ilimkuta mtu aliyekwisha kukauka. Makaburi yalikuwa ng'ambo ya kizuizi cha wenye bunduki, kwa hiyo jirani na wanaume wawili walimzika palepale, robo ya mkomamanga, kando ya ua.

Tulikwenda kumwona. Mihina ilikuwa haijaguswa na mkasi tangu kifo chake, imepanda mpaka juu ya kichwa changu, imesukana, na ilikuwa imechanua. Vishada vidogo vyeupe, vingi mno, na harufu ilitupokea tukiwa bado langoni. Nilizaliwa kando ya bustani ile na sikuwahi kujua kwamba mhina una maua. Baba hakuupa nafasi hata siku moja.

Mama alisimama mbele ya rundo la udongo lililozungushiwa matumbawe. Alisoma Fatiha. Kisha akavuta pumzi kwa nguvu akasema, "Kumbe inanukia hivi. Miaka yote ile." Akakaa kwenye benchi la mawe, kwa mara ya kwanza, na akakaa mpaka jua lilipotuchoma.

Mwaka uliofuata mradi ulikuja. Nyumba itatengenezwa, tulielezwa kwenye mkutano wa mtaa, na bustani itarudishwa kama ilivyokuwa, kwa ajili ya historia na wageni. Nilifurahi, sifichi. Niliitwa kwa kuwa ni binti wa mtunza bustani na Kireno nakijua. Msanifu alikuwa mwanamke kijana kutoka Maputo, mpole, mwenye adabu, aliyemwita mama "bibi" na kumletea sukari na chai. Nilimwonyesha bomba la udongo linapopita. Nilimwambia chokaa ya birika ilichanganywa na nini, maji huingia upande gani, mlangilangi uliokufa ulikuwa wapi. Aliandika kila kitu. Siku tatu tulizunguka naye, na kwa siku tatu nilijiona mtu.

Siku ya nne alikunjua ramani. Ilikuwa nakala ya ile karatasi ya sinyora, pamoja na barua na picha, vilivyopatikana kwenye makabati ya huko Lisbon.

"Ua utakuwa wa busho," alisema. "Hii mihina italazimika kutoka, mwalimu. Ni ya baadaye."

Nilicheka, nikidhani ni jambo dogo la kurekebisha. Nikamsimulia yote: makasha matatu, viganja vya babu, matawi ya uwanjani kwa mama yake. Nikamwonyesha picha aliyoileta mwenyewe. "Hiyo kwenye picha ndiyo hii. Tazama jani."

Aliitazama kweli. Aliisogeza karibu na macho. "Picha haina rangi," akasema, "na jani halionekani vizuri. Lakini barua inasema busho. Aliandika kwa mkono wake."

"Babu yangu hakujua kuandika."

"Najua, mwalimu. Ndiyo shida yenyewe." Macho yake yalilengwa na machozi, na nilimchukia zaidi kwa machozi yale kuliko ambavyo ningemchukia kwa kiburi. "Nikiandika mhina kwenye ripoti wataniuliza ushahidi. Ushahidi wangu utakuwa nini?"

"Mimi."

Akageuza ukurasa, kisha kwa sauti ya chini akaniambia jambo la pili: kaburi nalo halimo kwenye ramani.

Tulikwenda kwa shehe, mimi na mama. Alituuliza ardhi ni ya nani. Ya serikali, tukasema. Alizikwa kwa idhini ya mwenye ardhi? Palikuwa vita, hapakuwa na wa kumwomba. Shehe alifikiri sana, akasema maiti haifukuliwi kwa anasa, ila mwenye ardhi akiitaka ardhi yake na asipokubali kusamehe, ruhusa ipo, basi afukuliwe kwa heshima na azikwe panapostahili.

Nje ya mlango mama aliniambia, "Mimi siendi. Nilikwisha kumwacha mara moja akiwa hai. Mkamwache wenyewe mara ya pili."

Nilikwenda peke yangu na wanaume wa msikiti. Walitandika mashuka kuzunguka ili watu wasione. Mizizi ya mihina ilikuwa imeingia kaburini. Ilibidi ikatwe kwa panga, kidogo kidogo, na kila lilipogonga shehe alisema "taratibu". Tulimbeba baba barabarani jua la saa nne, sanda mpya, watu wachache nyuma, na wapita njia walisimama wakiuliza nani amefariki leo. Nilijibu mara ya kwanza. Baadaye nikaacha.

Wiki ileile mihina iling'olewa. Wanawake wa mtaa walikuja na magunia, wakavunja matawi kwenye lundo, wakicheka kwamba wamepata hina ya miaka kumi. Hawakufanya ubaya wowote. Nilipita nikiwa natoka shule, mmoja wao akanipa fungu, nikalipokea, nikalitupa kwenye mtaro nilipokata kona.

Busho ilifika kwenye vyungu vya plastiki kwa lori. Siku ya ufunguzi kulikuwa na mahema, viti vya mbele vya wakubwa, ngoma, na kina mama waliopakwa msiro usoni, ule urembo mweupe wa gome la mti. Mimi niliitwa kutafsiri, kwa kuwa mkubwa aliyekuja hakujua Kiswahili na wazee wetu wengi hawajui Kireno. Nilisimama kando yake na kipaza sauti. Alizungumza vizuri, kwa sauti nzito, juu ya amani na kumbukumbu. Kisha akasema kwamba bustani hii ilibuniwa na kupandwa na mikono ya mwanamke mmoja aliyeipenda nchi hii.

Zamu yangu ikafika. Mbele yangu walikaa watu ambao baba zao walibeba yale mawe. Mama alikuwepo, safu ya nyuma, leso usoni.

"Anasema," nikasema, "kwamba bustani hii ilipandwa na mikono ya yule sinyora."

Kazi ya mkalimani ni kuongea kana kwamba yeye ndiye msemaji. Saa nzima nilifanya hivyo, "nimefurahi", "nawashukuru". Pale tu niliongeza "anasema". Kicheko kilianzia kwa wazee wa nyuma, kikaja mbele kama mtu anayesukuma lango. Mkubwa alidhani watu wamefurahi. Akapiga makofi, akainamisha kichwa kwao, na wao wakazidi kucheka. Shujaa wa siku moja, walinisifu njiani. Lakini nilipofika nyumbani nilikuwa na hasira, kwa sababu neno moja ndilo lililokuwa limebaki mkononi mwangu, na nilikuwa nimeshalitumia.

Joto la mwisho wa mwaka likaiua busho. Haikuchukua hata miezi minne. Ilianza kuwa na rangi ya kutu upande wa kusini, kisha yote. Mlinzi aliwekwa langoni ili watu wasiingie kupiga picha, na kando ya njia kukamwagwa kokoto nyeupe.

Ndipo msanifu akanitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa Maputo, nyuma yake magari yalisikika. Alisema hakulala vizuri kwa jambo hili, kwamba ameomba ruhusa na safari hii wamemsikiliza, kwamba ripoti itaandikwa upya na jina la babu litatafutwa. Je, ningeweza kumpatia matawi ya mhina ya kupandikiza? Hata mia moja yangetosha kuanzia.

Niliusikiliza mara mbili. Mama alikuwa mlangoni akipepeta kunde, na alisikia yote, kwa kuwa simu yangu hupiga kelele. Nyuma ya nyumba ya jirani yetu muuza mihogo kuna mistari miwili ya mihina iliyoota kutokana na yale matawi ya lundoni. Kuna mingine kwa mshona nguo, mingine msikitini. Ningeweza kukata mia moja mchana uleule.

"Hakuna, dada," nikamjibu. "Yote iling'olewa. Pole sana."

Mama aliinua uso, akanitazama, akarudi kwenye ungo wake. Uongo ule sijautubia. Namwombea baba kila baada ya swala, hilo sijaacha, na bado katikati ya dua huwa namgombeza. Mama kaburi jipya la baba hajalikanyaga. Mimi huenda mwenyewe siku za Idi, nang'oa magugu, namwaga maji kidogo, naondoka kabla sijaanza kunyoosha kingo.